Anayezisifu Hisa Hizo Amelipwa na Nani? Somo Kuhusu Hisa za Bei Chee za Kampuni za Utafiti wa Dawa

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze:

(a) kueleza maana ya hisa za bei chee na sababu zinazofanya kampuni changa za utafiti wa dawa ziwe na hatari kubwa kwa mwekezaji mdogo;
(b) kutambua sifa zilizolipiwa, hata pale zinapovishwa vazi la ushauri wa kitaalamu;
(c) kukagua mwenendo wa viongozi wa kampuni kwa kutumia taarifa zilizo wazi kwa umma;
(d) kujua hatua za kuchukua kabla ya kutoa fedha, na baada ya kubaini kwamba mambo hayaendi sawa.

1. Kwa nini somo hili linamhusu mkazi wa Ngara na Biharamulo

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuendesha biashara mwezi Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu iliyoorodheshwa, nayo ni TOL. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hisa zilikuwa jambo la mbali kwa mkulima wa Rulenge au mfanyabiashara wa Rusumo. Leo hali imebadilika. Kwa simu ya mkononi, mtu aliyeko Murusagamba anaweza kununua hisa za kampuni iliyoorodheshwa Dar es Salaam bila kupanda basi. Hili ni jambo jema, nasi tunalihimiza.

Hata hivyo, simu iyo hiyo inayoleta huduma halali huleta pia ujumbe usio na mwenyewe: video ya kijana anayeonyesha faida zake, kundi la WhatsApp linalotangaza “hisa itakayopanda wiki hii”, au makala iliyotafsiriwa ikisimulia kampuni ndogo ya ng’ambo iliyo karibu kuvumbua tiba ya saratani au kisukari. Mara nyingi bei ya hisa hizo ni ndogo mno, na hapo ndipo mvuto ulipo. Mtu aliyeuza kahawa yake hujiambia: kwa fedha hizi nitapata hisa elfu moja, na zikipanda mara kumi nitajenga nyumba.

Wakazi wa Ngara wanafahamu pia kwamba masoko ya mbali yanaweza kugusa ardhi yao wenyewe. Mradi wa nikeli wa Kabanga unaendelezwa na kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ya Tanzania inamiliki asilimia 16 ya hisa zake. Na Lifezone Metals, kampuni iliyo nyuma ya mradi huo, hisa zake ziliorodheshwa katika soko la New York mwezi Julai 2023. Kampuni hiyo si ya dawa, na hatuitaji kwa kuitilia shaka. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha mambo mawili. Kwanza, kampuni iliyoorodheshwa hutoa taarifa ambazo mtu yeyote, akiwemo mkazi wa Ngara, anaweza kuzisoma bila malipo. Pili, hisa zake hununuliwa sokoni kupitia dalali mwenye leseni. Haziuzwi mlangoni kwa stakabadhi ya mkono.

2. Maneno ya msingi

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa hana ahadi ya kurejeshewa fedha zake. Kampuni ikistawi hustawi nayo, na ikianguka huanguka nayo.

Hisa za bei chee ni hisa za kampuni ndogo zinazouzwa kwa bei ya chini sana. Nchini Marekani, kwa kawaida jina hilo hupewa hisa zinazouzwa chini ya dola 5. Nyingi kati ya hizo haziuzwi katika masoko makuu bali kwa mapatano kati ya madalali, mahali ambapo masharti ya kutoa taarifa ni hafifu zaidi.

Bioteknolojia ni matumizi ya viumbe hai, chembe zao na vinasaba katika kutengeneza bidhaa. Katika somo hili tunazungumzia kampuni zinazotafuta dawa, chanjo na vipimo vya magonjwa kwa njia hiyo.

Ukwasi ni wepesi wa kuigeuza mali kuwa fedha taslimu. Hisa yenye ukwasi mdogo ina wanunuzi wachache. Unaweza kuambiwa kwamba ina bei fulani, lakini siku ya kuuza usimpate wa kukupa bei hiyo.

Sifa zilizolipiwa ni makala, video, ujumbe au hotuba yoyote inayoipamba hisa wakati mtoaji wake amepewa fedha au hisa ili afanye hivyo.

Ni vema kusahihisha hapa kosa moja linalowapata wengi. Bei ndogo ya hisa moja haimaanishi kwamba kampuni ni rahisi. Kampuni yenye hisa milioni 500 zinazouzwa kwa shilingi 100 kila moja imethaminiwa kwa shilingi bilioni 50. Kampuni yenye hisa milioni 5 zinazouzwa kwa shilingi 5,000 imethaminiwa kwa shilingi bilioni 25. Ya pili, ambayo hisa yake inaonekana ghali, ndiyo yenye thamani ndogo zaidi. Basi usiulize bei ya hisa moja peke yake. Uliza pia kampuni ina hisa ngapi.

3. Kwa nini kampuni za dawa huvutia wapiga debe

Dawa mpya haifiki kwa mgonjwa kwa siku moja. Baada ya majaribio ya maabara na ya wanyama, hufuata majaribio kwa binadamu katika hatua tatu. Hatua ya kwanza huwahusisha watu wachache ili kuona kama dawa ni salama. Hatua ya pili hutazama kama inaleta nafuu na kwa kipimo gani. Hatua ya tatu huilinganisha na tiba iliyopo, au na kidonge kisicho na dawa, kwa wagonjwa wengi zaidi. Safari hiyo huchukua miaka mingi na hugharimu fedha nyingi. Kwa makadirio ya kawaida, kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, ni kama moja tu inayofikia kuidhinishwa.

Katika miaka yote hiyo kampuni changa huwa haina cha kuuza. Huishi kwa fedha za wawekezaji. Kwa hiyo bei ya hisa yake haitokani na mauzo wala faida. Hutokana na matumaini. Tangazo moja tu la matokeo ya majaribio laweza kuipandisha mara mbili au kuiporomosha kwa siku moja.

Hali hii ina mambo matatu yanayompa nafasi mwenye nia mbaya. La kwanza, mwananchi wa kawaida hana namna rahisi ya kupima madai ya kisayansi; maneno magumu humfanya anyamaze badala ya kuuliza. La pili, ugonjwa hugusa moyo. Mtu aliyemuuguza mzazi wake kwa saratani hutamani habari ya tiba iwe kweli, na tamaa hiyo njema yaweza kugeuzwa chambo. La tatu, kushindwa kwa dawa ni jambo la kawaida, hivyo kiongozi asiye mwaminifu anaweza kulifanya kisingizio, na ikawa vigumu kutofautisha bahati mbaya na hila.

Tunasisitiza kwamba zipo kampuni nyingi za bioteknolojia zinazofanya kazi ya kweli na yenye manufaa makubwa kwa wanadamu. Lakini nyingi kati ya hizo pia hupoteza fedha za wanahisa kwa miaka mingi kabla ya kufaulu, na nyingine hazifaulu kamwe. Hisa za namna hii hazifai kununuliwa kwa ada ya shule, fedha za matibabu wala mfuko wa kikundi.

4. Mpiga debe hasafiri na basi

Kila aliyewahi kusimama stendi anamjua mpiga debe. Huita kwa sauti kubwa kwamba basi ni jipya, linaondoka sasa hivi, nafasi zimebaki mbili. Basi likijaa hupokea ujira wake, akashuka na kwenda kuita abiria wa basi jingine. Injini ikifa njiani, yeye hayumo. Hatumlaumu, kwa kuwa kila abiria anajua kwamba yule analipwa kwa kuita. Hatari ingekuwapo kama angevaa mavazi ya abiria, akaketi kitini na kusema, “Mimi nasafiri kila wiki na basi hili, ni zuri sana.”

Hivyo ndivyo ilivyobainika katika soko la hisa la Marekani. Tarehe 10 Aprili 2017, msimamizi wa masoko ya mitaji wa nchi hiyo, anayefahamika kwa kifupi kama SEC, alitangaza hatua za kisheria dhidi ya watu na taasisi 27 kuhusiana na uvumishaji wa hisa. Kampuni za bioteknolojia zilizotajwa katika mashauri hayo zilikuwa pamoja na Galena Biopharma, CytRx na ImmunoCellular Therapeutics. Kwa mujibu wa SEC, kampuni zilikodi mawakala wa kuzitangaza, na mawakala hao wakawakodi waandishi. Waandishi walichapisha makala katika tovuti za uwekezaji wakijionyesha kama wachambuzi huru. Baadhi walitumia majina ya bandia, na makala zaidi ya 250 zilikuwa na maneno ya uongo yaliyosema kwamba mwandishi hakulipwa na yeyote.

Msomaji aangalie vizuri kosa lilikuwa wapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1933 haimkatazi mtu kulipwa ili aisifu hisa. Inamtaka aseme wazi kwamba amelipwa, na kiasi alicholipwa. Kosa lilikuwa kuficha malipo. Msomaji aliyedhani anapata ushauri wa mtu asiye na maslahi, kumbe alikuwa akisoma tangazo la biashara.

Hapa nchini, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79, inamtaka mtu anayefanya kazi ya udalali wa hisa au ushauri wa uwekezaji awe na leseni ya Mamlaka. Pia inakataza kutoa taarifa za uongo au za kupotosha ili kumshawishi mtu anunue au auze dhamana. Aliyejipa jina la “kocha wa uwekezaji” katika mitandao ya kijamii hapati leseni kwa wingi wa wafuasi wake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dalili zifuatazo huonyesha hisa inayotembezwa:

- msifiaji hataji hatari hata moja, au anazitaja kwa haraka mwishoni;
- anakupa muda mfupi wa kuamua: “kabla ya Ijumaa”, “kabla matokeo hayajatangazwa”;
- anadai ana siri ya ndani ya kampuni. Kama ni kweli, kuitumia siri hiyo kufanya biashara ni kosa la jinai, na kama si kweli, anakudanganya;
- makala ya namna moja yanatokea mahali pengi kwa siku chache, chini ya majina tofauti;
- katika maandishi madogo ya chini kabisa imeelezwa kwamba mwandishi “amepokea malipo” au “anamiliki hisa na anaweza kuziuza wakati wowote”;
- ukiuliza swali katika kundi, unaondolewa.

5. Hesabu ya mfano

Mfano huu ni wa kubuni, na umetolewa ili kuonyesha jinsi fedha zinavyohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kampuni ndogo ya dawa ina hisa zinazouzwa kwa shilingi 200. Wanunuzi ni wachache. Viongozi wanampa mpiga debe hisa 1,000,000 kama malipo. Siku hiyo hisa hizo zina thamani ya shilingi milioni 200.

Makala na video zinaanza kusambaa. Kwa kuwa hisa zinazopatikana sokoni ni chache, wanunuzi wapya mia chache wanatosha kuipandisha bei hadi shilingi 400, kisha 700. Kupanda huko kunatumiwa kama ushahidi: “Mnaona? Tuliwaambia!” Mkulima mmoja anaamini, ananunua hisa 1,000 kwa shilingi 700, jumla shilingi 700,000.

Wakati huo mpiga debe anauza. Akipata wastani wa shilingi 600 kwa kila hisa, anaondoka na shilingi milioni 600. Makala zinakoma. Bei inaporomoka hadi shilingi 150. Hisa za mkulima sasa zina thamani ya shilingi 150,000. Amepoteza shilingi 550,000. Ili arudishe fedha zake, bei itapaswa kupanda zaidi ya mara nne na nusu kutoka hapo ilipo.

Katika mfano huu kampuni haikuvumbua dawa, wala haikuuza hata kidonge kimoja. Hakuna mali mpya iliyozaliwa. Faida ya mpiga debe ilitoka mifukoni mwa waliomwamini.

6. Upande wa pili: nani anaiendesha kampuni?

Hisa yaweza kuwa haina mpiga debe, na bado viongozi wake wakawa ndio tatizo. Mwenye hisa ni kama mwenye shamba aliyeajiri msimamizi akiwa mbali. Kinga yake kuu ni hesabu anazoletewa.

Kisa cha kampuni ya Arrayit ya California kinafundisha mengi. Rais wake, Mark Schena, alidai kwamba kampuni ilikuwa na teknolojia ya kupima mzio kwa matone machache ya damu, na ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuka akadai kuwa inaweza kuupima pia. Kwa wawekezaji, alieleza kwamba kampuni ingeweza kuwa na thamani ya dola bilioni 4.5, ilhali ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wakati sifa hizo zikitolewa, kampuni haikuwa ikichapisha taarifa za fedha ilizopaswa kuzitoa. Mwaka 2022 baraza la mahakama lilimtia hatiani, na Oktoba 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minane.

Mwekezaji wa kawaida hakuwa na maabara ya kupima kama teknolojia ile ilifanya kazi. Lakini jambo moja angeweza kuliona bila elimu ya sayansi: hesabu hazikuwapo. Kampuni inayosema imegundua ajabu kuu, na wakati huohuo haitoi hesabu zilizokaguliwa, imekwisha kumjibu mwenye kuuliza.

Nasi tuna funzo letu hapa nyumbani, ingawa si la kampuni ya dawa wala la udanganyifu wa aina hiyo. Kampuni ya uwekezaji ya NICOL iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008. Mwaka 2011 iliondolewa sokoni kwa kutotimiza masharti ya kuendelea kuorodheshwa, ikarejea mwaka 2018. Kwa miaka hiyo saba mwanahisa aliyehitaji fedha hakuwa na soko la wazi la kuuzia hisa zake. Basi masharti ya kutoa taarifa si urasimu mtupu. Yakivunjwa, anayeumia kwanza ni mwanahisa mdogo.

Katika kuwakagua viongozi wa kampuni ya dawa, tazama mambo haya matano:

Kwanza, hesabu zilizokaguliwa. Je, zimetoka kwa wakati? Mkaguzi ametoa angalizo lolote kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake? Je, wakaguzi hubadilishwa mara kwa mara?

Pili, fedha zilizobaki. Gawanya fedha taslimu kwa matumizi ya mwezi. Kampuni yenye dola milioni 6 inayotumia dola milioni 1 kila mwezi imebakiwa na miezi sita. Jaribio lake likihitaji miaka mitatu, lazima itarudi kuomba fedha.

Tatu, matumizi yenyewe. Linganisha mishahara na marupurupu ya viongozi, na gharama za matangazo, dhidi ya fedha zilizokwenda kwenye utafiti. Kampuni ya utafiti inayotumia zaidi katika kujitangaza kuliko katika maabara imebadili kazi bila kusema.

Nne, historia ya viongozi. Waliongoza kampuni gani kabla ya hii, na wanahisa wa huko waliishia wapi? Je, viongozi wanauza hisa zao wenyewe wakati wanawahimiza wengine wanunue?

Tano, utoaji wa hisa mpya. Jambo hili linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa humaliza fedha za wengi kimyakimya.

Tuseme kampuni ina hisa 10,000,000 nawe unazo 10,000. Unamiliki moja ya elfu ya kampuni. Kampuni inatoa hisa mpya 30,000,000 na kuziuza kwa wengine. Sasa hisa zote ni 40,000,000, nawe bado una 10,000; umiliki wako umeshuka hadi moja ya elfu nne. Hujauza hata hisa moja, lakini fungu lako limekuwa robo ya lilivyokuwa. Dawa ikifaulu siku moja, utagawiwa kwa kipimo hicho kidogo.

Bei ikishuka mno, baadhi ya kampuni huunganisha hisa: kila hisa 20 za zamani zinakuwa hisa moja mpya. Hisa zako 10,000 za dola 0.10 zinakuwa hisa 500 za dola 2. Thamani ni ileile, dola 1,000. Usidanganyike kwamba bei imepanda. Kampuni iliyounganisha hisa mara kadhaa, huku ikiendelea kutoa nyingine mpya, imekuwa ikiishi kwa kuwamega wanahisa wake wa zamani.

7. Si kila kinachoitwa uwekezaji ni hisa

Yapo mambo mengine yanayovishwa jina la uwekezaji ambayo hayana kampuni ya kukaguliwa wala soko la kuuzia. Watanzania wengi wanaikumbuka DECI, ambayo wanachama wake waliambiwa “wapande mbegu” ili wavune zaidi. Serikali iliingilia kati mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Mwaka 2020, mahakama hiyohiyo ilipokea kesi ya mkurugenzi wa Mr. Kuku Farmers, mradi wa ufugaji uliodaiwa kuwaahidi watu faida ya asilimia 70 kwa miezi minne na asilimia 90 kwa miezi sita.

Tofauti na hisa halisi iko hapa: hisa halisi haiahidi kiwango cha faida. Anayekuuzia “hisa za kampuni ya dawa” na papo hapo akakuahidi asilimia fulani kila mwezi, hakuuzii hisa. Na anayekupa fungu kwa kila mtu unayemleta anakugeuza kuwa mpiga debe wake, tena miongoni mwa ndugu, majirani na waumini wenzako.

8. Hatua za kuchukua kabla ya kutoa fedha

(1) Uliza kwa maneno haya haya: “Je, wewe au kampuni yako mmelipwa fedha au hisa kwa kuniambia habari hii?” Omba jibu kwa maandishi. Asiyelipwa hana sababu ya kukasirika.

(2) Hakiki leseni. Orodha ya madalali na washauri wa uwekezaji wenye leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Jina lisipokuwamo, usiendelee.

(3) Soma waraka wa matarajio, hasa sehemu ya hatari. Kumbuka kwamba Mamlaka inapoidhinisha waraka huo haimaanishi kwamba inakushauri ununue. Maana yake ni kwamba taarifa zinazotakiwa na sheria zimewekwa mbele yako. Uamuzi unabaki kuwa wako.

(4) Ikiwa kampuni ni ya Marekani, tafuta taarifa zake katika kumbukumbu za SEC, ambazo husomwa bila malipo kwa intaneti. Mwombe mwalimu au kijana anayesoma Kiingereza akusaidie. Usipoikuta kampuni humo, au ukakuta taarifa ya mwisho ni ya miaka iliyopita, hilo ni jibu.

(5) Pima dai la kitabibu kwa wenye dhamana nalo. Ikidaiwa kwamba dawa inajaribiwa hapa nchini, majaribio kwa binadamu yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na idhini ya kimaadili inayotolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Uliza huko.

(6) Kabla ya kutuma fedha nje ya nchi, iulize benki yako kuhusu kanuni za fedha za kigeni. Kamwe usitume fedha za “hisa” kwenye namba binafsi ya simu ya mtu.

(7) Subiri siku saba. Hisa njema leo itakuwa njema wiki ijayo. Katika siku hizo mweleze mwenza wako au mtu unayemwamini, kwa sauti, kampuni hiyo inafanya nini na inapata wapi fedha. Ukishindwa kueleza, hujafika wakati wa kununua.

(8) Kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa na vyama vya ushirika: fedha za wanachama si zenu binafsi. Zisiwekezwe popote bila uamuzi wa mkutano ulioandikwa katika kumbukumbu.

9. Ukigundua umepotoshwa

Usitume fedha zaidi. Matapeli wengi hurudi wakidai kwamba kwa kulipa “ada ya kutoa” au “kodi” utarudishiwa kila kitu. Hifadhi ujumbe, namba, majina, stakabadhi na picha za skrini. Usifute kundi la WhatsApp kwa hasira. Toa taarifa mapema katika kituo cha polisi na kwa Mamlaka. Ofisa biashara wa halmashauri anaweza kukuelekeza mahali pa kuanzia.

Ni wajibu wetu kusema ukweli kuhusu mipaka yetu. Tunaweza kuchunguza, kuonya umma, kusimamisha na kufuta leseni, na kushirikiana na wasimamizi wa nchi nyingine. Hatuwezi kuahidi kurejesha fedha, hasa zilizokwisha vuka mpaka na kugawanywa. Ndiyo maana somo hili limewekwa mbele ya hasara, si nyuma yake.

10. Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kujadiliwa katika mkutano wa kikundi, kwa Kiswahili, Kihangaza au Kishubi, kama wanachama watakavyopenda.

1. Kampuni A ina hisa milioni 800 kwa shilingi 50 kila moja. Kampuni B ina hisa milioni 2 kwa shilingi 10,000 kila moja. Ipi imethaminiwa kwa fedha nyingi zaidi?

2. Mwanachama mwenzenu anasifu hisa ya kampuni ya dawa na kusema hakulipwa fedha. Baadaye inajulikana kwamba alipewa hisa. Je, alisema kweli?

3. Kampuni ina dola milioni 9 na hutumia dola 750,000 kwa mwezi. Imebakiwa na miezi mingapi? Kiongozi wake akisema dawa itakuwa sokoni baada ya miaka minne, mtamuuliza nini?

4. Taja mambo mawili ambayo mwekezaji asiye na elimu ya sayansi angeweza kuyakagua katika kisa cha Arrayit.

Majibu: (1) Kampuni A, shilingi bilioni 40, B ni shilingi bilioni 20. (2) Hapana, hisa ni malipo kama fedha. (3) Miezi 12. Mtamuuliza fedha za miaka mitatu inayobaki zitatoka wapi, na hisa ngapi mpya zitatolewa. (4) Kuwapo kwa taarifa za fedha, na kama thamani iliyotajwa inalingana na hesabu zilizotolewa.